Saini ya siku ya usajili isiitwe ridhaa

Mhariri,

Wanaosifu vitambulisho vya kielektroniki vyuoni wana hoja. Kadi moja hufungua mlango wa bweni, hutumika kuazima vitabu, hulipia chakula na kumtambulisha mtahiniwa kwenye chumba cha mtihani. Foleni zimepungua. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni ile fomu anayotia saini mwanafunzi siku ya usajili, ambayo chuo baadaye huiita ridhaa yake ya taarifa zake kukusanywa na kutumiwa.

Ridhaa gani hiyo? Asiyesaini hapewi kadi, na asiye na kadi haingii bwenini wala hafanyi mtihani. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Sweden iliitoza faini ya krona 200,000 halmashauri ya Skellefteå, ambako shule moja ilijaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kamera za kutambua sura. Utetezi ulikuwa kwamba wahusika waliridhia. Mamlaka haikukubali: mwanafunzi yuko chini ya shule, hivyo "ndiyo" yake haihesabiki kuwa ya hiari. Najua kadi si kamera, lakini kwa upande wa ridhaa sioni tofauti.

Kila kadi inapogusishwa kwenye kisomaji, mfumo huandika namba yake, mlango na saa. Rekodi moja haisemi kitu. Zikusanye za muhula mzima, utajua nani hulala nje ya bweni, nani huenda zahanati kila wiki, nani huingia mahali pa ibada na nani hula na nani. Si hofu ya kubuni. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, rekodi za kadi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zilitumika katika utafiti kuchora urafiki wao na mazoea yao ya kila siku, ili kubashiri nani ataacha masomo. Habari hizo zilivuma mwaka 2018. Ilielezwa kuwa majina yalikuwa yameondolewa, na nia ilikuwa kusaidia. Naamini. Lakini mwanafunzi anayenunua soda kwa kadi yake hajibu dodoso la mtafiti, na mtu anayekutana na watu wale wale, milango ile ile, saa zile zile, hahitaji jina ili atambulike.

Kuna pia suala la chipu, kile kifaa kidogo cha kielektroniki kilichomo ndani ya kadi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kuwa ulinzi wa MIFARE Classic, chipu iliyotapakaa duniani kote kwenye kadi za milango na za usafiri, unavunjika na kadi inaweza kunakiliwa. Kampuni ya NXP iliyoitengeneza ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao isichapishwe, ikashindwa. Ni wanafunzi wangapi wameambiwa kadi zao zina chipu ya aina gani?

Fomu hiyo igawanywe. Kwa matumizi ya lazima chuo kisijifiche nyuma ya ridhaa. Kiseme wazi kinachukua taarifa zipi, kwa mamlaka gani na kwa muda gani. Utafiti, matangazo na akaunti ya benki ndani ya kadi viombwe kando, baada ya usajili, na anayekataa asipoteze huduma yoyote. Rekodi za milango zifutwe baada ya siku chache. Polisi wakizitaka, walete ombi la maandishi. Hata sisi wazazi, ambao huenda tukashawishika kuuliza mtoto alirudi saa ngapi, tusipewe. Hao ni watu wazima.

Nawaomba wakuu wa vyuo waanze na jambo dogo ndani ya muhula huu: kando ya kila kisomaji kibandikwe karatasi inayoeleza, kwa lugha ya kawaida, kifaa hicho kinaandika nini, nani anasoma rekodi hizo na zinafutwa lini.

Mzazi wa mwanafunzi