Zuhura, printa isubiri

Kariakoo, Dar es Salaam

Zuhura mpenzi,

Habari za Morogoro? Mama anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatumaliza.

Picha ya mashine uliyonitumia nimeiona, ile printa ya DTF ya biashara yako ya fulana, inayochapa picha kwenye filamu ili zigandishwe kwenye kitambaa kwa joto, inayouzwa pamoja na presi (mashine ya bati la moto la kugandishia), oveni na "mafunzo ya bure". Nakujibu moja kwa moja: usiinunue. Sisemi ni mbovu. DTF inalisha watu wengi huku, maana inashika kwenye pamba, polyesta, fulana nyeusi, fulana nyeupe, hata mifuko ya kitambaa. Ugomvi wangu ni na wino wake mweupe. Weupe ule unatokana na chembe za titani dioksidi, na chembe hizo ni nzito. Mashine ikikaa bila kazi zinatuama chini na kuziba matundu ya kichwa, kile kinachotoa wino. Ndiyo maana wenye mashine hizo wanaprinti kila siku hata kama hakuna oda, wanatikisa wino, wanasafisha kichwa. Sasa wewe utapata kazi za mahafali ya vyuo vya SUA na Mzumbe, halafu katikati hapo zitapita wiki kavu kabisa. Kichwa kikifa, kipuri hicho peke yake kinakula sehemu nzito ya bei ya printa nzima.

Badala ya kununua printa, nunua filamu iliyokwisha kuprintiwa; inauzwa huku kwa mita, imeshamwagiwa unga wa gundi na kuokwa. Unapanga kazi zako kwenye faili moja, za mgongoni kwanza, kisha vinembo vya kifuani unavichomeka kwenye mapengo ili usilipie filamu tupu. Unanitumia, naipeleka, jioni inapanda basi. Ukiwa na haraka, panda SGR uje uichukue mwenyewe. Kinachobaki ni kuipiga presi tu, nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde kumi na kitu, kutegemea filamu, na kuibandua. Faida ya mita moja ni ndogo kuliko ya mwenye printa, sawa, lakini usiku unalala.

Kwa hiyo hela yako nzuri iweke kwenye presi, na hapo usiwe bahili. Zile za "nane kwa moja", zenye kiambata cha kofia, cha sahani, cha kikombe, ziache. Kila ukibadilisha kiambata unachomoa na kuchomeka waya, na siku ya kazi nyingi hutakuwa na muda huo. Chukua presi ya fulana peke yake, sentimita 40 kwa 60 kama fremu yako ina nafasi, la sivyo 38 kwa 38. Inayofunguka kama mdomo wa mamba ni ya bei nafuu na haili nafasi, ila inaiacha mikono yako chini ya bati la moto. Ile ambayo bati lake linazungushwa pembeni ni salama zaidi na inabana sawasawa hata kitu kinene. Mimi ningechukua hiyo.

Dukani usikubali kuonyeshwa namba kwenye kioo tu. Waambie waiwashe, ipande mpaka 160, kisha upime joto katikati na kwenye kona kwa kile kipimajoto cha kuelekeza. Kona zikiwa zimepoa mno, nembo zitabanduka pembeni baada ya kufuliwa na mteja atakurudia. Mgandamizo nao unapimwa kwa karatasi: weka vipande kwenye kona nne, funga mashine ikiwa ya baridi, vuta kimoja kimoja. Kinachotoka kirahisi ndicho kinakuonyesha upande uliolegea. Soma pia kibandiko cha nyuma kuhakikisha ni volti 220, kwani zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Na udai risiti ya EFD, bila hiyo warantii ni maneno matupu.

Umeme: presi ya ukubwa huo inavuta wati 2000 hivi au zaidi wakati inapanda joto. Usiichomeke kwenye ekstensheni ya waya mwembamba inayolisha friji na feni. Mwite fundi akuvutie soketi yake peke yake. LUKU utaisikia, lakini ikishafika kwenye joto lake inakuwa inawaka na kuzima yenyewe, si kwamba inakula vile muda wote.

Vikombe ni habari nyingine. Vile vinataka sablimesheni, yaani wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye kitu, na hiyo printa yake ni ndogo, haina wino mweupe wa kukusumbua. Wengi wanatumia Epson za matangi, kwa sababu kichwa cha Epson kinasukuma wino bila kuuchemsha, na wino wa sablimesheni hautakiwi kupata moto kabla ya kufika kwenye presi. Kikombe lazima kiwe kile chenye koti maalumu, cha kawaida cha sokoni hakishiki kitu. Kwa fulana, njia hiyo inakubali polyesta ya rangi nyepesi tu. Mtu akikuletea ya pamba, usijaribu hata kidogo. Hii iache mpaka watu wa kitchen party na send-off waanze kukuulizia vikombe.

Ikija oda ya kwaya, fulana 200, rangi moja, usiipige presi moja moja mpaka mgongo ukatike. Mpe fundi wa skrini, anayechapa kwa kupitisha wino kwenye wavu, yeye kwa wingi ule atakushinda bei, wewe chukua chako cha katikati. Jezi zenye nembo za Simba na Yanga usiziguse, hata shemeji akikubembeleza. Nembo zina wenyewe.

Na wateja wakikutumia nembo kwa WhatsApp, waambie waitume kama dokumenti. Ikija kama picha imeshaminywa, na ukiikuza kwa ajili ya mgongoni inakuwa ukungu mtupu.

Ukiamua, njoo Jumamosi ya wiki ijayo tuzunguke maduka pamoja. Njoo na fulana mbili tatu za aina unayotaka kuuza, tuzijaribie humo humo dukani kabla hujatoa hela. Na uniambie kabla ya hapo umeme wa fremu yako mnagawana na nani.

Msalimie mama sana.

Wako,
Rehema