Risala ya kikundi chetu cha ufundi kwa mgeni rasmi: kigari cha reli kinachojua kilipo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanachuo wote, shikamooni wakubwa, na nyie wenzetu mambo vipi.

Kwanza kabisa tunashukuru mgeni rasmi kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako imebana, karibu sana. Sisi ni wanafunzi wa umeme na wa mekanika tulioungana tukawa tunatengeneza kigari kinachotembea juu ya reli bila dereva, kinachukua mzigo kituo kimoja kinaupeleka kingine kinashusha kinarudi, ndo hicho pale mezani kimefunikwa kitambaa. Viwandani na kwenye magodauni makubwa vigari vya hivi vinahamisha mizigo usiku na mchana, na kwa upande wa abiria treni zisizo na dereva zipo miaka mingi tu, ile ya Lille kule Ufaransa ilianza 1983 na ya Docklands pale London ikaanza 1987.

Sasa kila anayepita hapa anatuuliza, si kiko kwenye reli, kitapotelea wapi? Ni kweli mgeni rasmi, reli inakibana kushoto na kulia, lakini haikiambii kimefika wapi. Na kigari kisichojua kilipo hakiwezi kujua lini kianze kufunga breki, kwahiyo kitapitiliza kituo au kitasimama kabla na mzigo utashushwa hewani.

Njia rahisi ni kuhesabu mzunguko wa tairi. Tairi letu lina kipenyo cha milimita 50, likizunguka mara moja kigari kimesogea kama milimita 157, na tumefunga kisahani chenye matundu 20, yani kila tundu likipita mbele ya sensa, kile kifaa cha kuhisi, kigari kimesogea karibu milimita 8. Sensa zenyewe ni mbili, zimepishana kidogo, ile inayotangulia kuona tundu ndo inatuambia kama tunaenda mbele au tunarudi nyuma. Safi kabisa mpaka tairi lianze kulika. Likitoka 50 likawa 49 hiyo ni asilimia 2, ukitembea mita 10 umeshadanganywa sentimita 20. Treni kubwa nazo zina shida hiyohiyo, tairi la chuma linachongwa upya karakana, na kipenyo kipya lazima kiingizwe kwenye kompyuta ya treni. Ongeza na kuteleza, chuma juu ya chuma kukiwa na mvua au oili tairi linazunguka bure wakati treni haijasogea, ndo maana sisi tairi la kuhesabia ni lingine kabisa, halina mota wala breki, linaburuzwa tu.

Kuna hili la kona ambalo binafsi naona ndo tamu kuliko yote. Upana wa reli yetu ni sentimita 10. Kigari kikigeuka nusu duara, reli ya nje inakuwa ndefu kuliko ya ndani kwa sentimita 31.4, na ajabu ni kwamba haijalishi kona ni kubwa au imebana, tofauti ni ileile, ni upana wa reli mara pai. Kwa reli ya SGR yenye upana wa milimita 1435 hiyo inakuwa kama mita 4 na nusu. Kwahiyo ukihesabu tairi la upande mmoja tu kona zinakula hesabu yako, ikabidi tuhesabu pande zote mbili tuchukue wastani, na matairi tukayaacha yazunguke kila moja kivyake. Treni ya kweli matairi yake yamekazwa kwenye ekseli moja, ila yamechongwa kwa mteremko kidogo, kwenye kona ekseli inasogea pembeni na tairi la nje linakanyagia sehemu yake nene.

Hata ufanye hesabu nzuri vipi kosa litajikusanya tu. Ni kama umeme umekatika usiku unahesabu hatua kwenda mlangoni, unahesabu sawa, lakini mpaka mkono uguse ukuta ndo unajua. Ukuta wetu ni alama zilizofungwa chini katikati ya mataruma, kigari kikipita juu kinasoma namba ya alama, kinafuta hesabu ya zamani kinaanza upya. Kwenye SGR yetu ya Tanzania kazi hiyo inafanywa na balisi, kile kiboksi cha njano utakiona katikati ya njia, hakina betri, antena ya treni ikipita juu inakipa nguvu nacho kinajibu hapohapo. Huo mfumo wa kuongozea treni kutoka Ulaya, ETCS, unaruhusu kosa la mita 5 ukijumlisha asilimia 5 ya umbali tangu balisi ya mwisho, ina maana baada ya kilomita 1 treni inaweza kuwa imekosea mpaka mita 55. Hapo unaelewa kwanini alama zinakaribiana ukikaribia kituo. Sisi kila kituo kina mbili, ya kwanza ya kupunguza mwendo, ya pili ya kusimama, na zote ziko sehemu iliyonyooka, mbali na maungio ya reli maana pale kigari kinadunda na sensa inasoma ovyo. Alama isipoonekana pale ilipotarajiwa kigari kinasimama chenyewe, hakibahatishi.

Maungio nayo hatuwezi kuyakwepa, chuma cha mita 12 joto likipanda nyuzi 30 kinarefuka zaidi ya milimita 4, usipoacha nafasi reli inapinda. Na kona haianzi ghafla, tumeikunja taratibu kutoka iliyonyooka, la sivyo mzigo unamwagika, mchele tuliojaribia ni shahidi.

Mgeni rasmi, changamoto zetu ni hizi. Hatuna chumba, reli tunaitandika darasani jioni na kuifungua asubuhi, na kila ikitandikwa upya alama zinahama milimita kadhaa, kwahiyo vipimo vyote vinaanza sifuri. Tunaomba chumba hata kidogo ambacho reli itabaki imefungwa chini. Pili mashine ya kukereza matairi, haya ya sasa tunachonga kwa tupa, hayalingani. Tatu tunaomba utusaidie barua ya kwenda kuona chumba cha kuongozea treni za SGR, wenzetu wengi wamepanda treni ya Mchongoko lakini hakuna aliyeona upande wa mitambo.

Swichi ya kuwashia ni ile ya kijani, tunakuomba uiwashe wewe mwenyewe, mzigo tumeshapakia.

Naomba kuwasilisha.