Wagonjwa wangu wako majumbani mwao

Leeds, Uingereza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wote hapo Tanga mkiwa wazima. Nami sijambo, ila baridi. Uliniuliza kwenye simu: ikiwa wagonjwa wangu wa figo wanalala kwao na mashine wanaiendesha wenyewe, mimi ninamwuguza nani? Nilicheka nikakujibu juujuu, lakini swali lilinikaa, ndiyo maana ninakuandikia kwa kituo.

Baba mdogo unamwona mwenyewe: mara tatu kwa wiki hupelekwa hospitalini, akalala kwa muda wa saa nne damu yake ikipita kwenye mashine inayoisafisha badala ya figo. Wagonjwa wangu wengi hawafuati njia hiyo. Wao wamewekewa mrija laini tumboni, na kwa mrija huo huingiza kama lita mbili za maji maalumu yenye sukari, wakayaacha humo kwa saa kadhaa ili utando unaozunguka matumbo uchuje taka na maji ya ziada kutoka kwenye damu, kisha wakayatoa na kuingiza mengine. Anayefanya kwa mkono hurudia kama mara nne kwa siku. Mwenye mashine huiachia kazi hiyo usiku akiwa amelala.

Kazi yangu huanzia kwenye mafunzo. Mgonjwa hujifunza kufunga mlango na madirisha, kuzima feni (hapo kwetu hilo peke yake lingezua ugomvi), kuvaa barakoa, kunawa mikono na kuikausha sawasawa, kisha kuunganisha mrija na mfuko bila kidole kugusa ncha, kwa sababu ncha ikiguswa vijidudu huwa vimepata njia ya kuingia moja kwa moja tumboni. Nilipoanza, kila nilipomwona mgonjwa akitetemeka nilimpokonya mfuko nikamfanyia mwenyewe. Muuguzi aliyenifundisha aliniamuru nisimame mikono nyuma kama mtoto wa shule, akaniambia kuwa usiku mgonjwa atakapokuwa peke yake, mikono yangu haitakuwepo. Kusimama hivyo kulinishinda kwa majuma kadhaa.

Akishafuzu, ninamfuata kwake. Yupo mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, ambaye masanduku ya maji ya dawa yamemjaa nyumbani hadi chini ya ngazi, na paka wake amepigwa marufuku chumbani kwa kuwa anapenda kutafuna mirija. Kwake hukagua pale mrija unapotokea kwenye ngozi kama pana wekundu au usaha, nikampima shinikizo la damu, kisha nikasoma daftari lake la uzito. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili, hajanenepa huyo; ni maji yamebaki mwilini. Nimemfundisha pia kuulaza mfuko wa maji yaliyotoka juu ya gazeti: herufi zikisomeka, maji ni safi, na yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, anipigie simu saa ileile hata kama hasikii maumivu, asiutupe mfuko, kwa maana dalili hiyo haingoji kesho.

Wakati mwingine ninayemwuguza ni mwingine kabisa. Mke wa mzee huyo alinivuta jikoni siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajalala vizuri kwa miezi, kwa kuwa mashine ikilia usiku ni yeye anayeamka. Nilirudi kazini tukampangia msaidizi wa kuja kila siku kuitayarisha mashine, na simu ya usiku tukawaelekeza waipige wao bila kuona haya. Watu husifu matibabu ya nyumbani kwa kumpa mgonjwa uhuru, na mzee kweli sasa anakwenda kumwona mjukuu wake bila kuhesabu siku za hospitali. Lakini sehemu ya mzigo ilihamia kwa mama huyu, na asiyeingia jikoni haioni.

Basi Mama, nina ombi. Mwulize baba mdogo kama ana mzani nyumbani, na kama anajipima kila asubuhi kabla ya chai. Kama hana, nijulishe nitume fedha ununuliwe wiki hii, na mke wake umwulize peke yake, akiwa jikoni, analalaje.

Ni mimi bintiyo akupendaye.