Vitabu vyako vinanuka karafuu

Wete, Pemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu, isipokuwa magoti ya Bi Mkubwa, na hayo ukiyauliza utapewa habari zake mpaka Isha. Boksi lako limefika. Baba Nasra alilipokea bandarini Mkoani akalipakia juu ya gari pamoja na magunia ya unga ya watu, mvua ikamnyeshea njia nzima, lakini ulivyolizonga kwa kanga na nailoni hata tone halikuingia. Kanga nimeitia kabatini. Ukiitaka, njoo mwenyewe uichukue.

Siku ile uliponiuliza kwenye simu kama vitabu vimewafaa watoto nilikujibu "vimewafaa, ahsante," kwa sababu salio lilikuwa linakata roho. Jawabu lenyewe ni refu, na leo cherehani imepumzika, umeme hakuna, nakuandikia.

Tumo katika karafuu. Mikarafuu ya shamba la mkwe wangu si mingi, lakini safari hii imezaa, na kila jioni kuna lundo kwenye jamvi ukumbini linasubiri kuchambuliwa. Unaijua kazi ile: vidole vinakuwa vyeusi, mgongo unakufa ganzi, na watoto kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya skuli. Basi siku ya pili baada ya boksi kufika, Nasra akaniambia, "Mama, mimi niwasomee, nyinyi mchambue." Nikajua anakwepa. Nikamwachia. Akasoma kitabu cha kwanza, cha pili, akarudia cha kwanza. Kesho yake wakaja watoto wa jirani kusikiliza, nikawaambia anayekaa kwenye jamvi hili anachambua. Sasa nina wachambuaji sita wa bure, na mtaa mzima unadhani nina roho nzuri. Vitabu vyako vyote saba vinanuka karafuu, na kwenye kurasa zimo alama za vidole ambazo hazitatoka.

Sasa nikupe habari ya paka.

Kile kitabu cha bibi anayetoka sokoni na tenga la samaki, unakikumbuka? Maneno yake machache, mstari mmoja au miwili kila ukurasa. Bibi ametoka sokoni. Bibi amekutana na shoga yake. Bibi amefika nyumbani, amechoka. Basi. Mimi nilikisoma mara nane au kumi, na nikuambie kweli, kimoyomoyo nilikuwa nasema huyu mwandishi kachukua pesa bure, mbona hapa hakuna kisa.

Jioni moja Bi Mkubwa akaniambia, "Hebu nipe hicho mnachochekea." Wajua yeye anasoma msahafu wake, na barua anaandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wake walivyomfundisha, lakini hizi herufi zetu za skuli hakuzisoma. Akakipokea, akakifungua kama afunguavyo msahafu. Yaani akakianza mwisho. Picha ya kwanza kuiona yeye ni ile ya mwisho: bibi kajilaza kitandani, na chini ya kitanda paka tumbo wazi, kafura kama andazi.

"Huyu paka kashiba nini?" akauliza.

Nikamwambia, paka gani tena, Bi Mkubwa, hadithi ni ya bibi. Hakunijibu. Akafunua nyuma ukurasa mmoja: tengani samaki watatu. Akafunua tena: wanne, na mkia wa mmoja unachungulia nyuma ya mguu wa meza ya muuza ndizi. Tena: watano, na paka kakaa mbali anajilamba kama hahusiki. Alipofika mwanzo, ambao kwake ndio mwisho, samaki walikuwa saba wazima. Akafunga kitabu, akasema, "Mwizi huyu nimemkamata."

Mwanaidi, neno "paka" halimo katika kitabu kile. Nimetafuta. Halimo hata mara moja. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa nasoma mstari wangu na kukimbilia ukurasa wa mbele, na mkwe wangu, asiye na mstari wa kukimbilia, kaona kisa chote. Hamadi naye, wa miaka minne, akaniambia kwa masikitiko kabisa, "Mimi nilimwona zamani, Mama. Wewe ulikuwa unafunua upesi."

Tangu siku hiyo sifunui mpaka niruhusiwe. Hamadi ndiye mwenye mamlaka ya kufunua, na kabla hajafunua tunangojea, hata mikono inasimama kwenye karafuu. Na hakuna kitabu kinachofunguliwa bila Bi Mkubwa kupiga "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", hata kama kitabu chenyewe kimetafsiriwa kutoka huko kwa wenzetu. Kile cha mtoto wa nchi za baridi anayecheza kwenye theluji, Nasra alihangaika kuwaeleza theluji ni nini. Barafu ya friji wanaijua, lakini barafu inayoanguka kutoka juu na kuezeka nyumba? Bi Mkubwa akaitazama picha, akatoa hukumu: "Usufi huo. Mwaka huo misufi ilizaa sana." Wote wakaridhika. Mimi nimenyamaza, na sijui kama nina haja ya kuwasahihisha.

Tulipogombana ni kwenye kitabu cha popo. Mchoraji kamchora na meno yanachuruzika damu, ananing'inia kwenye jumba bovu usiku. Hamadi alikifunga akakitia chini ya jamvi. "Huyu si popo," akasema. Na wa kulaumiwa si yeye, maana Baba Nasra alishampeleka Kidike, wanakohifadhiwa popo, akawaona mchana kweupe, wamejining'iniza mitini kwa mamia, wanapepea mabawa kwa joto na kuzozana kama wanawake kisimani. Popo yule hapatikani kwengine popote duniani ila Pemba yetu, mabawa yake akiyatanua yanapita mita moja na nusu, na chakula chake ni matunda, maembe yakiwemo. Mtoto aliyemwona popo anakula embe utamwambia nini kuhusu damu? Sikusema kitabu ni kibaya. Nilimpa Hamadi penseli akamchorea yule popo embe mdomoni. Samahani, kitabu ni chako, lakini sasa kimekaa sawa.

Ukitazama nyuma ya majalada utaona viwili vimetoka kwa Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kumbe kampuni hiyo Walter Bgoya aliianzisha mwaka 1991, mwaka niliozaliwa mimi, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule wa kusaidia vitabu vya Kiswahili vya watoto vichapwe, nao ulianza mwaka huo huo. Nikakaa nikafikiri. Mimi utotoni sikumbuki kushika kitabu cha hadithi chenye picha za rangi. Nakumbuka kitabu kimoja cha kusomea, watoto watano juu ya dawati, na kwa vile mimi nilikaa pembeni nilijifunza kusoma kwa ubavu. Kumbe vitabu vilikuwepo, shoga. Sisi tu havikutufikia.

Sasa watoto saba hawakuwatosha, nao wamekwisha kuvihifadhi kwa moyo. Samahani, nimeandika watoto badala ya vitabu, na sifuti, karatasi ni moja. Mwalimu mmoja jirani yangu akanionesha tovuti ya African Storybook, ilianzia Afrika Kusini mwaka 2014, imejaa hadithi fupi za picha, za Kiswahili zimo nyingi, na ruhusa wametoa: uchapishe, hata utafsiri, bure. Nikachagua moja ya kurasa kumi na sita, nikaenda steshenari. Rangi bei yake inauma, nikachapisha nyeusi na nyeupe, rangi watatia wenyewe kwa kalamu zao.

Hapo ndipo nikaingia kwenye ufundi nisioujua. Nilidhani karatasi nne za A4, unazikunja katikati, umeshapata kurasa kumi na sita. Hesabu ni sawa, lakini mpangilio, mtihani! Ukurasa wa kwanza unatakiwa ukae ubavuni mwa wa kumi na sita, wa pili ubavuni mwa wa kumi na tano, na hivyo hivyo mpaka katikati. Mimi nilipanga moja na mbili, tatu na nne, kama nguo za kuanika. Nikashona, nikafungua: fisi kafa kabla hajazaliwa. Bi Mkubwa peke yake ndiye hakuona kasoro.

Na kushona nako si kama kitambaa. Mara ya kwanza niliacha cherehani kwenye mshono wa kawaida, matundu yakasogeleana, nilipokunja karatasi ikakatika kwenye mstari kama stempu. Sasa natumia sindano ya jinzi, mshono mrefu kuliko wote cherehani inaokubali, napita mara moja tu katikati ya mkunjo, sirudi nyuma, ncha za uzi nafunga kwa mkono. Jalada nakata kwenye maboksi ya tambi. Nikaelewa pia kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, au 24, na si 29 wala 31: karatasi ikikunjwa haizai moja moja. Nimeshashona vitano. Mteja mmoja aliyekuja kufuata gauni lake akadhani ndiyo kazi yangu mpya, akaniagizia viwili vya mjukuu wake.

Kinachofuata nakuhitaji. Bi Mkubwa ana ile hadithi ya kima na papa: papa anamchukua kima mgongoni kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, na kima anasema, ungesema mapema, sisi kima tukitembea mioyo tunaiacha mtini. Mwalimu akaniambia hadithi hiyo iliandikwa Unguja kutoka kwa wasimulizi wa hapo hapo, ikachapwa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, yule aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini. Bi Mkubwa alipoambiwa akauliza tu, "Na mimi nani kanipa ruhusa ya kuhadithia basi?" Tunataka kuitengeneza ya kwetu. Nasra ataandika, Hamadi na wenzake watachora, papa ameshachorwa mara kumi na moja na kila mmoja ana meno ya popo yule. Kama huko Darajani unapata karatasi nene kidogo isiyopitisha wino, nitumie rimu moja nitakurejeshea pesa.

Uliniuliza pia kuhusu mwanao, kama miezi minane ni mapema kupewa kitabu. Mpe. Atakitafuna. Zuwena wangu ana mwaka na kidogo, alianza kwa kula, akaja kupiga makofi juu ya picha, na sasa kila mnyama anamwita "nyau", hata tembo. Nilichojifunza ni kimoja: usimpe kile unachokipenda.

Maana kile cha kijana na tiara, ndicho nilichokipenda mimi kuliko vyote saba, Zuwena kakitoa ukurasa mmoja na kuula robo tatu. Ni ule baada ya tiara kunasa juu ya mnazi. Ukurasa wa mbele yake kijana anakimbia nyumbani na tiara yake, shati limechanika begani, na kwapani kabeba kuku. Kuku katoka wapi? Hatukumbuki! Tulikisoma mara moja tu kabla hakijaliwa. Nasra anasema kuku alikuwa kataga juu ya mnazi. Hamadi anasema mwenye mnazi kampa kuku kama zawadi, na shati kachanwa na mbwa wa huyo huyo mwenye mnazi, mambo mawili nisiyoweza kuyapatanisha. Bi Mkubwa anasema yule si kuku, na haongezi neno. Kila jioni tukifika hapo kazi inasimama, watu wanashindana, na jana mtoto wa jirani alileta toleo lenye askari polisi.

Wewe ulisema umebaki na nakala yako. Upige picha ukurasa ule unitumie. Unitumie mimi, si kwenye simu ya Baba Nasra, maana ile wanaichezea watoto.

Wasalaam,
Shoga yako,
Mama Nasra