Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Celine na Ile Namba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, lakini najua ninachoandika hapa hukikosi. Basi tumalizie hapahapa.

Ile jioni filamu ya Before Sunset ilipoisha, Celine anamwigiza mwimbaji Nina Simone huku akijinyonganyonga, anamwambia Jesse ndege itamwacha, naye amekaa zake kwenye kochi anajibu kwamba anajua. Ukachukua rimoti, ukazima, ukasema bila kunitazama: "Bahati ya Celine, hana dada." Ukaenda kulala. Neno lile halijanitoka, na kusamehe bado. Kwangu mimi, niliyekesha nawe kwenye mlango wa bafu mwaka ule unaoujua?

Hoja yako naijua. Katika filamu ya kwanza, Before Sunrise ya 1995, Celine na Jesse waliagana stesheni Vienna bila kupeana simu wala anwani, wakaahidiana kukutana baada ya miezi sita. Miaka tisa ikapita. Katika Before Sunset, Jesse yuko Paris, kwenye duka la vitabu la Shakespeare and Company, anajibu maswali ya kitabu alichoandika juu ya usiku ule, anageuka, Celine huyo hapo. Kumbe Jesse alikwenda Vienna. Celine ndiye hakutokea, maana siku ileile alikuwa akimzika bibi yake Budapest. Miaka yote hiyo imepotea kwa kukosa namba, na wewe ukaniona mimi ndiye yule msiba.

Msiba haukukusudia. Mimi nilikusudia. Yule mwanaume wako alipokuja kuniomba namba yako alikuwa na pete ya ndoa kidoleni, anaizungushazungusha akiongea. Nikamwambia umebadilisha laini. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kula ukamaliza sahani. Ungekuwa mimi ungempa?

Before Sunset ni ya dakika themanini hivi, na muda wao unakwenda sambamba na wetu, ndiyo maana unatamani wasinyamaze. Waigizaji wake, Ethan Hawke na Julie Delpy, waliandika yale mazungumzo wenyewe pamoja na mwongozaji Richard Linklater, na yanasikika kama ya watu waliokaa nayo moyoni. Nakubali. Pale kwenye gari, Jesse ametazama pembeni anaeleza ndoa yake, Celine ananyoosha mkono amguse kichwa, halafu anaurudisha kabla hajageuka. Ulinishika mkono pale, ukaubana hasa. Nilidhani tumeshapatana.

Lakini mke wa Jesse hatumwoni hata mara moja. Mtoto wao, Henry, ana miaka minne, tunamsikia kwa maneno tu. Mimi muda wote nilikuwa namuwaza huyo mtoto. Filamu ya tatu, Before Midnight ya 2013, ulikataa kuitazama, ukasema itakuharibia. Inaanza uwanja wa ndege huko Ugiriki: Jesse anamsindikiza Henry, sasa kijana, anarudi Marekani kwa mama yake. Baba anaongea, anauliza hili na lile, mtoto anajibu kwa mkato. Itazame, hata peke yako, halafu uniambie nilimzuia nani asipate nini.

Nimekukumbuka, mdogo wangu. Hakuna anayebishana nami kuhusu filamu kama wewe, wengine wananikubalia tu.

Namba yake ninayo. Ukiitaka nipigie, nitakusomea tarakimu moja moja. Ila usinitake niseme nilikosea, kwa sababu akija kesho na pete ileile, jibu langu ni lilelile.

Dada yako