Barua kwa Binti Yangu Anayerudi Kiti cha Kulia

Donholm, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo baridi ya mwaka huu imelionea. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu siku hizi kila tunapozungumza kuna mtu mwingine anayekungoja, nawe huniambia "sawa, Baba" kabla sijafika mwisho wa ninalosema. Jambo nililo nalo ni la kusikilizwa lote, na ningependa ulisikie kabla hujaondoka kwenda Addis Ababa kwa mafunzo yako.

Niliyatazama mahojiano yako kwenye televisheni. Ile video ya abiria nilikuwa nimeiona tayari mara nyingi, kwa kuwa imefika katika kundi la ukoo, la kanisa na la wastaafu wenzangu, na kila anayeituma huandika kwamba ni binti ya fulani. Yaliyotokea angani unayajua kuliko mtu yeyote, hivyo nitasema tu jinsi fundi wa ndege anavyoyaona. Yule tai alipokipasua kioo cha mbele, ulipunguza mwendo ili upepo usizidi kukisukuma kioo, hukuhangaika na mizunguko isiyo na faida, ukatua kwenye kiwanja kidogo cha Kichwa Tembo, huko Mara, na watu wote wakashuka kwa miguu yao wenyewe. Ilikuwa kazi safi. Nimekaa kati ya ndege na marubani tangu ujana wangu, na wapo wenye mvi ambao wasingeifanya kwa utulivu huo. Mama yako atakueleza kwamba nililia, na hatakuwa ametia chumvi.

Kisha mtangazaji akakuuliza umebakiza nini cha kujifunza. Ukacheka, ukajibu kwamba kwa Caravan, ile ndege ndogo unayoirusha, hakuna jipya tena, na kwamba kurudi kuwa rubani msaidizi, kwenye kiti cha kulia cha Dash 8 iliyo kubwa zaidi, ni utaratibu tu wa makaratasi, kwa sababu kurusha ndege unakujua. Watu waliokuwa studioni walipiga makofi, nami nikaizima televisheni.

Huenda ulisema hivyo kwa sababu ya taa na kamera, ambazo humfanya mtu atafute jibu la kupendeza. Ningeamini hivyo na kunyamaza, kama usingeurudia usemi huo siku mbili baadaye ulipokuja hapa nyumbani na kumwambia mama yako kwamba unaona aibu kuvua mstari mmoja begani, kutoka minne ya kepteni hadi mitatu ya msaidizi, kana kwamba umerudishwa darasani. Mwanangu, ndiyo, umerudishwa darasani. Hilo ndilo linalonifurahisha katika safari hii nzima, na linanitia hofu kwamba wewe hulifurahii.

Nilipoanza kujifunza ufundi hapa Embakasi, mzee aliyenishika mkono katika hanga, lile banda la kutengenezea ndege, alikuwa na kisa alichokisimulia kwa kila kijana mpya. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliyokuwa ikitoka Frankfurt kwenda Johannesburg iliondoka katika uwanja wetu huu ikiwa na watu 157. Ilinyanyuka, ikatetemeka, ikakataa kupanda, ikaanguka karibu tu baada ya mwisho wa barabara yake ya kurukia. Watu 59 wakafa. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya vifo katika historia ya 747, ndege iliyokuwa imeanza kubeba abiria mwaka 1970 na kusifiwa ulimwenguni kote, na ilitokea hapa, mahali ambapo wewe na mimi tumepita mara zisizohesabika. Vibawa vya mbele, vile vinavyolisaidia bawa kubeba uzito wakati mwendo ungali mdogo, havikuwa vimetoka. Katika ndege ile vilisukumwa na hewa ya moto kutoka kwenye injini, na vali za kuipitisha hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa, kwa kuwa ukaguzi wa kabla ya kuruka haukukamilishwa. Unajua pia kwamba Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi haimsaidii aliyesahau jambo.

Mzee yule hakukisimulia kisa hicho ili kuwadharau waliokuwa ndani. Alitaka tuelewe kwamba chumba kile cha marubani hakikuwa na mtu asiyejua vibawa vya mbele vinafanya nini. Walijua. Mtu anaweza kukijua kitu kikamilifu, na siku hiyo hiyo asikifanye, na kujua kwake kusimsaidie chochote. Ndiyo maana orodha ya ukaguzi husomwa kwa sauti, na ndiyo maana anayesoma na anayejibu ni watu wawili. Rubani anayeona kwamba hakuna jipya huanza kuisoma orodha kwa mdomo huku macho yake yako kwingine. Sisemi kwamba wewe umefika hapo. Ninauliza, nawe ujiulize ukiwa peke yako, kama bado unaisikia unapoisoma.

Kisa cha pili unakijua kutoka chuoni, lakini nadhani ulikisoma kwa ajili ya mtihani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, 747 mbili ziligongana juu ya barabara ya kurukia, watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito, sauti za redio ziliingiliana, uwanja ulijaa ndege zilizoelekezwa huko kutoka kwingine, kwa hiyo sababu zilikuwa nyingi na si haki kumtwika mtu mmoja zote. Hata hivyo kuna sehemu moja ambayo mimi, kwa kuwa ni fundi, siwezi kuipita haraka. Kepteni wa moja ya ndege hizo, ya shirika la KLM la Uholanzi, alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika kwenye matangazo yao. Ndege ilipokuwa imeanza kukimbia, fundi wa safari, yule anayesafiri na marubani kuangalia mitambo, aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile nyingine ya Pan American ilikuwa bado haijatoka barabarani. Aliuliza kwa upole, kama mtu wa chini anavyomuuliza mkubwa. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuuliza tena.

Ninamfikiria sana yule fundi. Nimekuwa katika nafasi kama yake, nikiwa na neno mdomoni mbele ya mtu aliyesifiwa kuliko mimi, na ninajua jinsi koo linavyokauka. Mkubwa anayejulikana kuwa hodari hahitaji kumfokea mtu ili amnyamazishe, kwa kuwa sifa zake peke yake zinatosha kumfanya mdogo ajitilie shaka. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mama, kuliko yote niliyoandika: kadiri unavyosifiwa ndivyo watu walio karibu nawe wanavyozidi kuogopa kukuambia kwamba unakosea, na hawatakuarifu kwamba wameanza kuogopa.

Sasa nikuulize tena. Siku utakapopata mstari wa nne kwenye Dash 8, na kijana aliyemaliza masomo mwaka jana akakuambia "Kepteni, ngoja kidogo", utangoja?

Nina sababu ya kukuuliza wewe hasa. Caravan ni ndege iliyoundwa kuweza kurushwa hata na rubani mmoja, na umeizoea hivyo kwa miaka, ukiamua mwenyewe, ukijibu mwenyewe, ukishukuriwa wewe peke yako na watalii unapowatua Mara. Mazoea hayo yamekupa moyo mgumu wa kufanya kazi, na nadhani ndiyo yaliyokuokoa siku ya tai. Kwenye Dash 8 yanaweza kukuharibia. Humo kila jambo hupita kwa watu wawili, na ujuzi wa kumsikiliza mwenzako, kumuuliza bila kumdhalilisha, kumwambia ukweli bila kuzungukazunguka, ni ujuzi unaofundishwa kama unavyofundishwa kuzima injini iliyowaka moto. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliwakutanisha watu wa mashirika ya ndege kulizungumzia jambo hili, na mwaka 1981 United Airlines ikaanza kuwafundisha marubani wake rasmi, kwa sababu ajali nyingi zilionyesha kwamba ndege zilikuwa nzima na marubani walikuwa hodari, ila hawakusikilizana. Kwa hiyo ukikalishwa kiti cha kulia huko Addis, ndani ya simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, huku mwalimu akikusimamisha katikati ya jambo ambalo unaliona rahisi, usijiambie kwamba anakupotezea muda.

Bibi yako angekuambia kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi huongeza kwamba anayeuziwa tembo la namna hiyo hurudi nyumbani na kulala salama, lakini wewe hubebi vibuyu.

Jambo jingine lililonisumbua ni yule mtangazaji kukuita rubani aliyejitengeneza mwenyewe, nawe ukaitikia kwa kichwa. Ninajua hukutaka kumsahihisha mwenyeji wako. Lakini angalia jinsi tunavyopenda hadithi za namna hiyo hapa Kenya. Kila mtu husimulia kwamba Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na ni kweli, na ni jambo la ajabu. Wanaosimulia kwamba baadaye alikwenda Finland kukaa chini ya kocha, kabla ya ile mita 92.72 iliyompa ubingwa wa dunia kule Beijing mwaka 2015, ni wachache. Yeye mwenyewe hakuona haya kwenda. Angeweza kubaki na sifa ya kujifundisha, maana ilikuwa tamu na watu walikuwa wameshaipenda, naye akaenda kutafuta mtu wa kumwonyesha mkono wake unakosea wapi.

Na wewe una watu. Kuna fundi pale uwanja wa Wilson aliyekikagua kile kioo na fremu yake kabla ya safari na kutia saini yake kwenye logi, kitabu cha kumbukumbu za ndege. Kioo kilipasuka lakini hakikuingia ndani, na kilivyofungwa pembeni kina sehemu yake katika hilo. Hukumtaja. Simfahamu na wala sijaambiwa amelalamika, mafundi hatulalamiki kwa mambo kama hayo. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kuondoka umtafute, umshukuru, halafu umuulize alichokiona kwenye kile kioo baada ya kukitoa. Atakuwa ameona kitu ambacho wewe hukukiona kutoka kwenye kiti chako, na hata kama ni kidogo, ukibebe.

Usidhani ninawalaumu waliokusifu, au kwamba nimejitenga nao. Pale nje ya kanisa Jumapili iliyopita kulikuwa na mzee mmoja aliyesimulia jinsi ulivyotua kwa sauti kubwa kuliko wote, akiongeza upepo na mvua ambavyo havikuwapo, na mama yako alilazimika kumvuta koti.

Shangazi yako anataka kuleta hema na viti mwisho wa mwezi ili ukoo uje kukupongeza. Nimemwomba asubiri hadi utakapomaliza mafunzo, naye amekasirika na kusema kwamba ninakuonea wivu. Mpigie wewe umwambie kwa maneno yako, atakusikia. Mdogo wako naye ameyaokota maneno yako ya televisheni. Mhadhiri wake amemtaka arudie kazi ya vipimo, na yeye amemjibu mama yako jikoni kwamba hakuna jipya katika somo hilo. Ninaweza kumkemea, lakini maneno si yangu, ni yako, na wewe ndiye atakayekusikiliza akiambiwa kwamba hata dada yake anakwenda kukaa darasani. Zungumza naye kabla hujasafiri, na usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma.

Zile pesa ulizotuma za tangi la maji zimefika. Fundi atakuja Alhamisi, kwa kuwa maji ya kaunti sasa tunayapata siku mbili tu kwa wiki, na la zamani limepasuka chini. Zitakazobaki nitamlipia mdogo wako karo, usitume nyingine mwezi huu. Mafunzo yana gharama zake ndogondogo ambazo hazionekani mapema.

Mama yako amekununulia sweta, kwa kuwa Addis iko juu kuliko Nairobi na baridi yake ya alfajiri si ya kuchezea. Lipitie kabla ya Jumamosi. Ufunguo wa nyumba yako ya South C mwachie mdogo wako, usimwachie mlinzi, na umwonyeshe mahali pa kuzimia gesi. Ukishafika na kuanza, nipigie siku ambayo mwalimu atakusahihisha jambo ulilodhani unalijua, unieleze lilikuwa jambo gani, maana Dash 8 sikuwahi kuifanyia kazi kwa mikono yangu na ningependa kujua.

Baba yako