Hakufika Burma

Likoni, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto linatutoa roho. Nimekawia kukujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwenye simu. Uliniuliza mbona jina la ndugu yake babu yako limo ukutani pale makaburi ya vita, Ngong Road, na kaburi lenyewe hulioni. Halipo, shoga. Yuko baharini, upande wa Maldivi.

Meli aliyozama nayo, yeye na askari wenzake, iliitwa Khedive Ismail, na haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua, ikawa inabeba abiria wa kampuni ya Chile. Mwaka 1935 Wamisri wakainunua, wakaipa jina la mtawala wao wa zamani. Na ujue huyo Ismail ndiye aliyetuma jeshi mwaka 1875 kutaka kumnyang'anya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, miji ya Kismayu na Barawa kule pwani ya Somalia! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Waingereza wakaichukua mwaka 1940, ikawa ya kubebea askari.

Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kwenda Kolombo, Sri Lanka ya leo, na meli nyingine nne za askari. Ndani mlikuwa na watu 1,511, wengi wao vijana wetu wa kikosi cha mizinga cha 301. Wanawake walikuwa 83, wengi wauguzi kama mimi, na hao ndio walionikosesha usingizi.

Jumamosi tarehe 12, kama saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga topido mbili, yale mabomu yanayokwenda chini ya maji. Haikumaliza hata dakika tatu. Aliyekuwa chini, ngazi ya kupandia angeipatia wapi?

Sasa lililobaki sijui nikwambieje. Nyambizi ilijificha chini kabisa ya wale waliokuwa wakielea. Manowari mbili za kusindikiza, Petard na Paladin, zikaifuata kwa mabomu ya majini, na watu wao wenyewe wamo majini hapo hapo. Ukiiacha, inazifuata zile meli nne zilizojaa watu. Ukiipiga, unaua uliokuja kuwaokoa. Nimemlaani kapteni aliyetoa amri ya kuipiga, kisha nikajiuliza ningekuwa mimi ningefanya nini, nikanyamaza. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ilipoiendea kuigonga ikachanika ubavu yenyewe. Petard ikairushia topido moja moja, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Walionusurika ni 214. Wanawake, sita. Waliokufa ni 1,297.

Mama yako siku zote husema mzee alifia Burma, porini, na kwamba aliondokea Dar es Salaam. Mweleze taratibu, akiwa ameshakula. Aliondokea hapa hapa, mbele ya feri yetu, maana meli zote za Kilindini hutokea mlango huu. Jana nilikuwa kwenye feri tukasimamishwa kuipisha meli ya makontena. Watu wakalalamika wamechelewa kazini. Mimi niliitazama mpaka ikapita.

Ukipita tena Nairobi nipigie picha lile jina, lionekane vizuri.

Wabusu watoto.

Shogayo,
Saada